Beji imesoma 1.8 na nina mimba ya wiki kumi: je, mtoto yuko salama?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya kazi chumba cha eksirei katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Nina ujauzito wa wiki kumi na kazini bado sijamwambia mtu. Wiki iliyopita yamerudi majibu ya robo mwaka ya beji zetu za kupimia mionzi. Wenzangu wana 0.1 au 0.2, mimi nimeandikiwa Hp(10) 1.8 mSv (milisievert). Kabla ya hapo sijawahi kuvuka 0.2. Beji naivaa kwenye kola, juu ya eproni ya risasi. Miezi hiyo niliitwa mara kadhaa chumba cha upasuaji kwenye C-arm, ile mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati upasuaji ukiendelea, na nilishika watoto watatu waliokataa kutulia wakati wa kupigwa picha ya kifua. Mwenzangu mmoja ananiambia ninywe maziwa kwa wingi. Mwingine anasema nipime damu nijue mionzi imebaki kiasi gani. Mkubwa wangu anasema 1.8 si kitu maana ukomo ni 20. Nikisoma, huku wanaandika gray, kule sievert. Nimkubali nani, na mimba iko salama?"*

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa namba ulizoleta, mionzi hii haijaiweka mimba yako hatarini. Hakuna daktari wa mionzi atakayekushauri kuitoa kwa sababu ya 1.8 iliyosomwa kwenye kola juu ya eproni, wala hakuna kipimo cha ziada unachohitaji kwa ajili yake. Lakini mkubwa wako naye hajasema kweli yote. Ile 20 ni ya mtu mzima anayefanya kazi ya mionzi kwa ridhaa yake, na mtoto wa tumboni hayumo humo. Isitoshe, beji iliyozoea kusoma 0.2 haiendi 1.8 bila sababu, na sababu hiyo itafutwe hata kama kiasi chenyewe ni kidogo. Kuhusu maziwa, kunywa ukiyapenda, yana kalisi na wewe ni mjamzito. Kazi ya kuondoa mionzi hayana.

Hayana kwa sababu hakuna cha kuondoa. Mionzi ya eksirei ni ya jamii moja na mwanga, tofauti ni kwamba ina nguvu kubwa zaidi. Ukizima taa chumbani, mwanga haubaki umejificha kwenye mapazia. Vivyo hivyo mashine ikikata mionzi, hakuna kinachobaki hewani, ukutani, kwenye kaseti, wala mwilini mwako. Kinachoweza kubaki ni alama ya kilichotokea ndani ya seli, na hiyo maziwa hayaigusi. Desturi ya maziwa ni ya zamani katika kazi nyingi zinazohusishwa na sumu na vumbi, na kwa vyumba vya eksirei imekaa kwa mazoea tu. Habari hubadilika kwa anayeshika dawa zenye mionzi, kama iodini-131 kwenye kitengo cha tiba ya nyuklia. Huko dawa yenyewe inaweza kuingia mwilini na kukaa, na mjamzito huondolewa mapema kwa sababu tezi ya shingo ya mtoto huanza kuvuta iodini kuanzia wiki ya kumi hadi kumi na mbili hivi. Kwa maelezo yako, hilo halikuhusu.

Sasa tuiangalie beji yenyewe, maana namba zote zimetoka humo. Kama ni TLD, yaani ya fuwele zinazong'aa zikipashwa moto, kama zilivyo nyingi, ndani yake kuna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi lithiamu floraidi iliyotiwa chembe chache za magnesiamu na titani. Mionzi ikipita humo hung'oa elektroni kutoka mahali pake, na baadhi ya hizo elektroni hunaswa kwenye kasoro za fuwele na kukwama humo kwa miezi. Maabara ikipokea beji huipasha moto hadi kufikia nyuzi 250 au 300 hivi za Selsiasi. Elektroni hupata nguvu ya kutoka mtegoni, na zinaporudi mahali pake hutoa mwanga hafifu ambao jicho haliwezi kuuona, lakini kifaa cha kukuza mwanga kinaweza. Mwanga huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Lithiamu floraidi ilichaguliwa kwa sababu inaipokea mionzi karibu sawa na nyama ya mwili. Fuwele yenye metali nzito ingepokea zaidi na kutudanganya.

Kwa hiyo 1.8 ni hesabu ya mwanga uliotoka kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, kilichokuwa mahali pamoja, kwa miezi mitatu. Haijui kama ulikuwa umeivaa. Haijui kama tumbo lilikuwa nyuma ya risasi. Yale maandishi Hp(10) maana yake ni dozi inayokadiriwa katika kina cha milimita 10 ndani ya mwili, chini ya pale beji ilipokaa. Beji yako ilikaa kwenye kola, kwa hiyo ripoti inazungumzia shingo na kifua cha juu bila kinga. Mtoto hajatajwa mle.

Hapo ndipo gray na sievert zinapoingia, na ni vizuri uzielewe kwa sababu utaziona kila mahali. Zamani hazikuwepo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kipimo cha mionzi hospitalini kilikuwa ngozi ya binadamu: unapiga mpaka iwe nyekundu, na kiasi hicho kinaitwa dozi ya wekundu. Ngozi ya huyu na ya yule hazifanani, kwa hiyo kila hospitali ilikuwa na "dozi" yake. Nchini Uswidi, mwanafizikia Rolf Sievert, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1896, alijitosa katika tatizo hilo akiwa kwenye hospitali ya saratani ya Radiumhemmet. Alitengeneza chemba ndogo za ioni, yaani vijichumba vya hewa vinavyopima chaji ya umeme ambayo mionzi inaizalisha, na miaka ya 1920 kazi yake ikawafikisha wapimaji kwenye mashine za hospitali mbalimbali za nchi hiyo ili zote zisome kwa lugha moja. Mwaka 1928 mkutano wa kimataifa wa radiolojia ulifanyika Stockholm. Ndipo kipimo cha roentgen kilipokubaliwa, na ndipo ilipoundwa kamati ambayo leo ni ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ile inayopendekeza ukomo unaofuatwa karibu duniani kote. Sievert aliiongoza kuanzia 1956 hadi 1962.

Mwaka 1925 yeye mwenyewe alipendekeza kwamba mfanyakazi asipokee kwa mwaka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya dozi ya wekundu. Kwa hesabu ya leo hiyo ni milisievert mia kadhaa. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa zama zake, na bado alikuwa juu sana kuliko sisi. Ukomo umekuwa ukishuka kadiri ushahidi wa saratani za miaka mingi baadaye ulivyokusanyika, hasa kwa walionusurika Hiroshima na Nagasaki.

Mwingereza Louis Harold Gray alishika upande mwingine wa jambo. Mwaka 1936, akiwa mwanafizikia wa hospitali ya Mount Vernon karibu na London, alichapisha kazi inayoonyesha namna ya kutumia tundu dogo la hewa ndani ya kitu kigumu kupima nishati ambayo kitu hicho kimepokea. Wazo la awali lilikuwa la William Bragg, ndiyo maana hadi leo tunalitaja kwa majina yote mawili. Kabla ya hapo watu walipima kinachotokea hewani. Gray akaelekeza macho kwenye nishati iliyobaki ndani ya nyama. Ndiyo gray ya leo, iliyopitishwa rasmi mwaka 1975, miaka 10 baada ya kifo chake: joule 1 ya nishati katika kilo 1 ya mwili. Ukiigawa kwa elfu unapata miligray.

Baadaye Gray na wenzake walijenga mashine ya kutoa nyutroni, wakawa wanalinganisha nyutroni na eksirei kwenye mizizi ya mmea wa jamii ya kunde, Vicia faba, na kwenye uvimbe wa panya. Waliona kwamba nishati ileile kwa kilo ileile haifanyi uharibifu uleule. Nyutroni inaangusha chembe nzito zinazotoboa seli kwa msongamano, eksirei inatawanya mapigo yake. Kwa hiyo gray peke yake haitoshi kusema madhara. Inabidi izidishwe na namba inayotokana na aina ya mionzi: 1 kwa eksirei, 20 kwa chembe za alfa, na katikati ya hizo kwa nyutroni kulingana na kasi yake. Jibu ndilo sievert, iliyopewa jina hilo mwaka 1979. Gray inapimwa. Sievert ina hukumu ya binadamu ndani yake, ya wanasayansi waliokaa wakaamua uzito gani wautumie, na ndiyo maana namba hizo zimewahi kurekebishwa. Kwa kazi yako ya eksirei kizidisho ni 1, kwa hiyo miligray 1 ya tishu ni milisievert 1 kwa tishu hiyo, na hao uliowasoma hawapingani. Ila tukizungumzia madhara ya moja kwa moja, kama ulemavu wa kijusi au ngozi kuungua, tunabaki na gray, kwa sababu sievert ilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria hatari ya saratani katika dozi ndogo.

Utashangaa jinsi nishati yenyewe ilivyo ndogo. Gray 4 kwa mwili mzima zinaweza kuua kama nusu ya watu wasiopata matibabu. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni joule 280, joto ambalo halifiki la kijiko kimoja cha chai ya moto. Mwili haupashwi moto hata nyuzi moja ya mia. Kinachoumiza ni kwamba nishati hiyo inashuka kwa mapigo, kila pigo likitosha kung'oa elektroni na kuvunja vifungo vya kemia. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji yakivunjwa hutoa radikali za hidroksili, vipande vikali vya molekuli vinavyoishi muda mfupi mno lakini vinashambulia chochote kilicho jirani, ikiwamo DNA. Oksijeni ikiwepo, jeraha hilo huganda na kuwa gumu kurekebisha. Gray alilishughulikia sana hili, na kazi yao ya mwaka 1953 ilieleza kwa nini uvimbe wenye upungufu wa oksijeni huhimili tiba: unahitaji dozi karibu mara tatu.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Uzi mmoja ukikatika, seli huutengeneza kwa kunakili wa pili, na kazi hiyo inafanyika mwilini maelfu ya mara kwa siku bila mionzi yoyote. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, ukarabati ni mgumu na unaweza kukosewa. Gray 1 ya eksirei huacha mikato ya namna hiyo kama 40 kwa kila seli. Shika namba hiyo, tutaitumia sasa hivi kwa mtoto wako.

Tuhesabu. Tuchukue kwamba 1.8 yote ni ya kweli na ulikuwa umevaa beji muda wote. Eproni ya risasi ya milimita 0.25 hupitisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mionzi tawanyi (ile inayodunda kutoka mwilini mwa mgonjwa) ya kazi hizi, na ya milimita 0.5 hupitisha asilimia chache tu. Kwa hiyo kwenye ngozi ya tumbo ilifika 0.18 au chini. Katika umri huu mfuko wa uzazi bado umejikunja ndani ya nyonga, nyuma ya mfupa, misuli na kibofu, na tishu hizo hupunguza tena, tuseme nusu. Tunabaki na takriban miligray 0.1 kwa mtoto, na huo ni ukadiriaji wa kuegemea upande mbaya. Kwa ile mikato 40 kwa gray, inakuja kama mkato mmoja kwa kila seli 250. Dunia yenyewe, kwa mawe, chakula na miale ya anga, humpa mtoto wa tumboni kati ya 0.5 na 1 kwa miezi tisa, awe wa mama wa eksirei au wa mama anayeuza vitenge.

Madhara ya ulemavu wa viungo, mimba kuharibika kutokana na mionzi, au akili kupungua hayajaonekana chini ya miligray 100. Hiyo ni mara elfu moja ya makadirio yako. Hata ungesema hukuvaa eproni siku hata moja, mtoto angepokea kama 0.9, na bado ungekuwa mbali na mstari huo mara mia. Kuhusu saratani, hatuna mstari wa kusema "chini ya hapa ni sifuri". Kwa tahadhari tunachukulia kwamba hatari inapungua pamoja na dozi bila kukatika. Ila kwa 0.1 nyongeza hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna utafiti unaoweza kuitenga na hatari ya kawaida ambayo kila mtoto anazaliwa nayo.

Jambo moja la tarehe. Wiki kumi za kliniki zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mtoto ana wiki kama nane tangu mimba itungwe. Sehemu ya ile robo ya beji ilipita kabla hajakuwepo. Upande wa pili wa tarehe hizo ni muhimu zaidi: kuanzia wiki ya 8 hadi ya 15 baada ya kutungwa ndicho kipindi ambacho ubongo unajijenga kwa kasi na huathirika zaidi na mionzi. Kipindi hicho kinaanza sasa. Mipango ya kazini ifanyike wiki hii, na sababu ni hiyo, wala si kile kilichopita.

Sasa, 1.8 imetoka wapi? Wewe umewataja watoto uliowashika. Nadhani umewasingizia. Picha ya kifua ya mtoto huweka kwenye ngozi yake kama miligray 0.1. Mionzi tawanyi, kwa kanuni ya chumba cha eksirei, ni karibu sehemu moja ya elfu ya hiyo kwa umbali wa mita 1. Ukisogea hadi sentimita 30 inaongezeka mara 11. Watoto watatu hawafikishi hata 0.005. Usiendelee kushika, kwa sababu siku moja mkono utaingia kwenye mwali wenyewe, yaani mionzi inayotoka mashine moja kwa moja, na kwa sababu mama, baba au shangazi aliyemleta anaweza kushika mara moja akiwa na eproni na asirudi tena, hali wewe uko hapo kila siku. Lakini hao si chanzo cha namba hii.

C-arm inawezekana, ila piga hesabu kabla ya kuilaumu. Tuseme ngozi ya mgonjwa inapokea miligray 20 kwa dakika, mita 1 pembeni unapata 0.02 kwa dakika. Ili ufike 1.8 unahitaji dakika 90 za mguu kukanyaga pedali, bila kuhesabu muda wa upasuaji. Mashine ina kihesabu cha dakika na kitabu cha chumba cha upasuaji kina orodha. Jumlisha kesi ulizoshiriki. Kama zinakuja dakika 15, C-arm haielezi. Kama zinafika 80 au 90 na ulisimama karibu upande wa mrija, unakotoka mionzi, umepata jibu lako. Upande wa mrija ndiko mionzi inakorudi kwa wingi. Kwa hiyo mrija ukae chini ya meza, kipokezi juu na karibu na mgonjwa, na mashine ikigeuzwa kulala ubavu simama upande wa kipokezi. Ukirudi kutoka mita 1 hadi 2 unapokea robo, na hilo ni rahisi kuliko eproni ya pili.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ukuta. Eproni yako inatundikwa wapi ukitoka kazini? Kama ndoano iko ndani ya chumba cha mashine na beji inabaki kwenye kola, imekuwa ikifanya kazi zamu zote, zako na za wenzako. Chukua picha 20 kwa siku, kila moja ikimwekea mgonjwa wastani wa miligray 2: mita 1 kutoka mezani inajikusanya 0.04 kwa siku, na kwa siku 60 za kazi ni 2.4. Sogeza ndoano kidogo, na 1.8 inatimia bila wewe kuwepo. Wenzako wanaoondoka na beji zao wataendelea kusoma 0.1.

Kuna na mengine ya kuuliza. Je, ulipigwa picha wewe mwenyewe kama mgonjwa huku beji ikiwa kifuani? Ilipita kwenye mashine ya kukagua mizigo? Ilikaa kwenye kioo cha gari juani, au ilifuliwa na koti? Joto kwa kawaida hupunguza usomaji, lakini uchafu na mafuta kwenye fuwele vinaweza kuwaka vinapopashwa na kutoa mwanga wa uongo. Maabara haiwezi kuisoma TLD mara ya pili, kwa sababu kuipasha kumeshaifuta. Ila mkunjo wa mwanga uliorekodiwa, yaani mchoro wa jinsi mwanga ulivyopanda na kushuka beji ilipopashwa, huhifadhiwa, na fundi akiutazama hutambua mwanga wa fuwele na mwanga wa uchafu. Pia beji ina vipande zaidi ya kimoja chini ya vichujio tofauti, na uwiano wao huonyesha kama ni mionzi tawanyi au mwali wa moja kwa moja. Andika barua kupitia msimamizi wa usalama wa mionzi wa hospitali kwenda kwa waliosoma beji, ambao kwa Tanzania ni kawaida kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Omba vitu viwili tu: mkunjo wa mwanga, na uwiano wa vichujio. Usiulize kwa ujumla "hii namba imetoka wapi", utapata jibu la ujumla.

Ukiwa hapo, ulizia beji ya kulinganishia inatunzwa wapi. Ile isiyovaliwa na mtu, ambayo usomaji wake hutolewa kwenye za kwenu wote. Ikiwekwa kwenye droo ya chumba cha mashine, inakunywa mionzi, na 0.1 za wenzako zinaweza kuwa ndogo kuliko ukweli. Hilo halimhusu mtoto wako, lakini linawahusu wao.

Kuhusu kupima damu: usipoteze hela. Hesabu ya kawaida ya chembe nyeupe haianzi kushuka hadi dozi ifikie miligray mia kadhaa kwa mwili mzima. Kipimo kikali zaidi cha damu, cha kuhesabu kromosomu zilizoungana vibaya, huanza kuona kitu kwenye miligray 100 hivi. Wewe unazungumzia 1.8. Damu itakurudishia majibu ya malaria na upungufu wa damu, ambayo kliniki itapima kwa vyovyote.

Jambo la kufanya kwanza ni kuandika kwamba una mimba. Najua kuna sababu za kukawia kusema mapema, na wengi husubiri mpaka miezi mitatu ipite. Lakini kinga ya mtoto inaanza siku barua inapopokelewa: kuanzia hapo ukomo wake ni milisievert 1 kwa muda wote uliobaki wa mimba, na mwajiri anatakiwa kupanga kazi zako ulingane nao. Viwango vya kimataifa vinasema kutoa taarifa si sababu ya kukuondoa kazini. Inatosha barua ya mistari mitatu kwa msimamizi wa mionzi, na unaweza kuomba isisambazwe. Baki na nakala yenye muhuri.

Kisha omba beji ya pili ivaliwe kiunoni, chini ya eproni, ibadilishwe kila mwezi badala ya kila robo. Hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba ya mtoto. Mara nyingi itarudi na sifuri au 0.1. Ikisoma 0.2 kwa mwezi, usisubiri mwezi wa pili kuuliza. Ile ya kola iendelee mahali pake, na zisibadilishane nafasi, maana hapo ripoti haitasomeka. Dosimita ya kielektroniki ya mfukoni ni nzuri kwa sababu inakuonyesha papo hapo, ila nyingine hazihesabu vizuri mapigo mafupi ya eksirei, kwa hiyo isichukue nafasi ya beji.

Kuhusu kuendelea na kazi, una njia tatu. Picha za kawaida ukiwa nyuma ya kizuizi cha kioo cha risasi, mlango umefungwa, ni salama na ndiyo ningependekeza. Mashine ya kusukuma wodini inakubalika ukivaa eproni na kunyoosha waya wa kubonyezea hadi mita 2 au zaidi. C-arm na fluroskopi (eksirei ya picha zinazotembea) ningeziacha kwa wenzako hadi ujifungue. Hesabu haikatazi, lakini ndiko dozi inakopanda bila mtu kutazama, na ukiongeza saa za kusimama na uzito wa eproni mgongoni, huna sababu ya kubishana nayo. Kuondoka kabisa kwenye chumba cha eksirei ni haki yako kuomba kama wasiwasi unakula afya yako. Kwa mionzi peke yake, hailazimu. Eproni utakayobaki nayo iningʼinizwe, isikunjwe, na ipigwe picha ikiwa imetandazwa mezani ili kuona kama risasi imepasuka ndani. Nyufa za kiunoni ndizo za kawaida, pale inapokunjika ukiinama.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama katika miezi hii wewe mwenyewe ulipigwa CT ya tumbo au nyonga, hiyo inaweza kumpa mtoto miligray 10 hadi 25 au zaidi kwa kipimo kimoja. Bado iko chini ya 100, lakini inahitaji mwanafizikia wa tiba akae na kumbukumbu za mashine na kukukokotolea. Hao wanapatikana kwenye hospitali kubwa zenye tiba ya mionzi, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kama maabara itajibu kwamba uwiano wa vichujio unaonyesha mwali wa moja kwa moja na wewe unakumbuka kuwa ndani ya chumba mlango ukiwa wazi, omba naye akuone. Na ukitokwa damu, ukapata maumivu makali ya tumbo au homa, nenda kliniki saa hiyohiyo bila kungoja ripoti ya beji. Ukifika, mweleze mkunga hali yako ilivyo. Usianze na habari ya mionzi, asije akaishia kutafuta sababu isiyokuwepo na kuiacha iliyopo.